Maabara ya mbali kwa wanafunzi wa uhandisi: ijenge ukiwa Mtwara, kwa vifaa vya mezani

Kila muhula ukianza napokea ujumbe uleule. Mwalimu wa chuo cha ufundi, mara nyingi wa hukuhuku Kusini, ananiuliza: "Mmefanyaje mpaka mwanafunzi aliyeko Nachingwea anapima kapasita iliyoko Mtwara?" Nikimjibu, yanafuata yaleyale. Ninunue seva? Nilipie anwani ya IP? Hawa vijana hawataniunguzia vifaa? Nimeshajibu vipande vipande WhatsApp hadi nikiwa nimesimama kwenye kivuko cha Msangamkuu. Leo naandika yote hapa mara moja, mwalimu mwenzangu, na ukiniuliza tena nitakutumia haya.

Maabara ya mbali ni kifaa halisi kilichofungwa mezani chuoni, ambacho mwanafunzi anakiendesha kwa intaneti na kurudishiwa vipimo vyake. Usiichanganye na programu inayoigiza saketi kwenye kompyuta. Programu ya kuigiza haijui kwamba kapasita iliyoandikwa mikrofaradi 100 inaweza kuwa na 85, wala haijui upepo wa chumvi wa Shangani unavyokula miguu ya vipuri. Meza yako inajua.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. MIT ya Marekani iliweka vipimo vya mikroelektroniki mtandaoni tangu mwaka 1998, na miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mradi wa iLab, wa maabara za mtandaoni, pamoja na Makerere cha Uganda na Obafemi Awolowo cha Nigeria. Nawataja kwa sababu moja tu: walitenganisha mapema aina mbili za maabara, na usipoielewa tofauti hiyo, yako itakufa wiki ya pili.

Aina ya kwanza ni ya papo kwa papo. Mwanafunzi anaingia, anaishika meza peke yake, anabonyeza na kuona kamera ikimwonyesha kinachotokea. Ya pili ni ya foleni. Mwanafunzi anachagua anachotaka kupima, anatuma, anaondoka zake. Zamu yake ikifika mashine inafanya kazi, inahifadhi majibu, naye anayakuta.

Sisi tulianza na ya papo kwa papo kwa sababu inapendeza wageni wakija. Tulifunga mota ndogo, tukaweka na kamera. Ijumaa moja jioni mwanafunzi akaiwasha akiwa kwao Newala, mtandao ukakata kabla hajaizima. Mota ikazunguka hadi Jumatatu asubuhi. Mlinzi aliisikia usiku kucha siku zote hizo, akadhani ni feni imesahauliwa. Tulipofungua mlango, chumba kinanuka moto na mota haizunguki tena.

Tangu siku hiyo nashikilia jambo moja, na mwongozo wote umejengwa juu yake: kwa mtandao wetu, jaribio lisitegemee mwanafunzi kubaki hewani. Fanya hesabu mwenyewe. Video ya kilobiti 500 kwa sekunde inakula megabaiti 225 kwa saa moja. Majibu ya jaribio nitakalokuonyesha ni maandishi ya kilobaiti 4 hivi. Wanafunzi 40 wakipewa dakika 10 kila mmoja mezani, ni saa 6 na dakika 40. Kwa foleni kila kazi inachukua sekunde 15, na darasa zima linaisha ndani ya dakika 10. Halafu kijana mwenye bando la usiku anatuma kazi yake saa saba usiku bila kumwamsha mtu.

Kabla ya kuanza, kusanya hivi

- Arduino Uno mbili, bodi ndogo za kuendesha na kupima saketi. Moja ni ya kazi, moja ya akiba.
- Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja, hapa naiita Pi), au laptop kuukuu inayoweza kuendesha Linux. Laptop ina faida yake: betri yake ni kinga tayari ya umeme kukatika.
- Memori kadi mbili za gigabaiti 32, zisiwe za bei ya chee.
- Chaja ya Pi yenyewe, ya volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu itakutesa.
- Rezista za kiloomu 1 (mbili), 4.7, 6.8 na 10, na moja ya omu 470.
- Kapasita ya mikrofaradi 100, volti 16 au zaidi. Nunua tano.
- Saa ya DS3231 pamoja na betri yake ya CR2032 (sababu utaiona hatua ya 4).
- Bredibodi (bodi ya kuchomeka vipuri bila kulehemu), bodi ya matundu ya kulehemu, waya, maltimita, risasi na pasi ya kulehemu.
- Ruta ya laini ya simu, au waya wa mtandao wa chuo.
- UPS ndogo, yaani betri ya akiba umeme ukikatika.
- Boksi la plastiki lenye mfuniko.

Huhitaji kununua seva. Pi ndiyo seva.

Vipuri utavipata Kariakoo vikaja na basi, ila agiza mara mbili ya unavyohitaji. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, Kilwa, na sisi wa Mtwara tukabaki tunatazamana. Arduino ya akiba iliyoko kabatini haisubiri daraja.

Kwa ujuzi, unatakiwa ujue Python kiasi cha kuandika kitanzi na kusoma faili, na uwe umewahi kuipandisha programu kwenye Arduino. Kama hujawahi, chukua wiki mbili ujifunze hayo kwanza. Huu mwongozo utakungoja.

Hatua ya 1: Chagua jaribio moja tu

Kosa la kwanza la kila anayeanza ni kutaka meza ya majaribio kumi. Anza na moja lenye sifa tatu: halizunguki, halipati moto, na linajirudisha lenyewe mwanzo bila mkono wa mtu. Kujaza na kuondoa chaji ya kapasita kupitia rezista lina zote tatu, na liko kwenye mtaala wa kila fundi umeme na mhandisi.

Nadharia unayoihitaji ni mstari mmoja. Zidisha ukinzani kwa uwezo wa kapasita upate muda maalumu wa saketi, yaani muda ambao volteji inafika asilimia 63.2 ya mwisho wake. Kiloomu 10 mara mikrofaradi 100 ni sekunde 1. Ukizidisha muda huo mara tano, kapasita imejaa kwa kiasi cha kuhesabika.

Onyo: umeme wa volti 230 usiguse saketi ya jaribio popote, hata kwa taa tu. Hakuna mtu chumbani atakayeona moshi.

Hatua ya 2: Funga saketi

Watu wengi hukimbilia relei, swichi zinazoendeshwa kwa umeme, kubadilisha rezista. Relei zinachakaa, zinapiga kelele, na kwetu hapa miguu yake inashika kutu. Huzihitaji. Pini ya Arduino ikiwekwa kama ya kuingiza (input), inakuwa kama waya uliokatwa. Basi itumie hiyo kama swichi.

Unganisha pini ya 4 kwenye rezista ya kiloomu 1, ya 5 kwenye 4.7, ya 6 kwenye 10, na ya 7 kwenye 6.8. Ncha za pili za rezista zote nne zikutane sehemu moja, kwenye mguu chanya wa kapasita. Mguu hasi uende ardhi ya Arduino. Kutoka kwenye makutano hayo, pitisha waya mmoja kwenye rezista nyingine ya kiloomu 1 uende pini ya A0 ya kupimia. Waya mwingine upite kwenye ile ya omu 470 uende pini ya 9.

Pini ya 9 kazi yake ni kumwaga chaji. Ikishushwa sifuri, kapasita inamwagika kupitia omu 470 kwa mkondo usiozidi miliampea 11, kiwango ambacho pini inakibeba bila shida. Usiiondoe hiyo omu 470 kwa kuona inachelewesha. Ukimwaga kapasita moja kwa moja kwenye pini, utaizika pini hiyo kimyakimya na hutajua mpaka majibu yaanze kukudanganya.

Rezista ya 6.8 iliyoko pini ya 7 usiiandike thamani yake popote mwanafunzi anapoona. Iite "X". Utaona matumizi yake mbele.

Tazama sana upande hasi wa kapasita, ule wenye mstari. Ukiigeuza itavimba, na pengine itapasuka.

Jaribu kwanza kwenye bredibodi, ikifanya kazi hamishia kwenye bodi ya kulehemu. Usiiache kwenye bredibodi. Mtwara mjini, karibu na bahari, vile vishikizo vya ndani vinapata kutu ndani ya miezi michache na utaanza kuona vipimo vinarukaruka. Nimewahi kukesha siku mbili nikitafuta kosa kwenye programu kumbe tundu moja lina kutu.

Boksi nalo lizibe matundu makubwa. Mijusi wa huku wanapenda sehemu zenye joto.

Hatua ya 3: Ifundishe Arduino kazi nzima

Hapa ndipo penye moyo wa maabara, soma polepole.

Arduino isingoje maelekezo ya kila nukta kutoka kwenye mtandao. Ipewe amri moja, ifanye kazi yote mpaka mwisho, ijizime yenyewe. Mtandao ukikata katikati, jaribio linamalizika kama kawaida na majibu yanabaki. Na saa ya kupimia iwe ya Arduino yenyewe. Ukihesabu muda kwenye kivinjari cha mwanafunzi utakuwa unapima mtandao wa Newala badala ya kapasita.

Sisi tumetumia lugha fupi ya Kiswahili kati ya Pi na Arduino. Pi inatuma "ANZA 2" kwa maana ya rezista ya pili. Arduino inafanya hivi kwa mpangilio:

1. Inaziweka pini za 4 hadi 7 zote ziwe za kuingiza.
2. Inashusha pini ya 9 kwa sekunde 1 kumwaga chaji iliyobaki, kisha inairudisha kuwa ya kuingiza.
3. Inasoma A0. Ikikuta zaidi ya 3 kati ya 1,023, inarudisha neno "CHAJI" na kuacha. Kuna kitu hakiko sawa.
4. Inapandisha pini ya rezista iliyochaguliwa na kusoma A0 mara 200 kwa vipindi sawa.
5. Inashusha pini hiyohiyo na kusoma mara 200 nyingine chaji ikitoka.
6. Inazirudisha pini zote ziwe za kuingiza, inatuma namba zote 400, inamalizia na neno "MWISHO".

Vipindi vya kusoma vitofautiane kwa rezista: milisekunde 3 kwa kiloomu 1, 12 kwa 4.7, na 25 kwa 10 na kwa ile X. Hivyo kila mchoro unajaa vizuri. Hifadhi namba zote kwanza, tuma baadaye. Namba 400 zinachukua baiti 800, na Uno ina baiti 2,048 za kumbukumbu ya kazi, kwa hiyo nafasi inatosha. Ukituma kila nukta palepale unapoisoma, vipindi vyako vitayumba.

Mtego mmoja unawanasa wengi. Kuna namna mbili za kuweka pini iwe ya kuingiza, na mojawapo inaunganisha rezista ya ndani inayovuta volteji juu. Ukitumia hiyo, kapasita yako itajichaji yenyewe polepole wakati unaamini swichi zote ziko wazi. Tumia ile ya kawaida, isiyovuta.

Kabla ya kwenda mbele, iendeshe kwa kuandika amri mwenyewe kwenye dirisha la Arduino, mara 50. Sijakosea, 50. Ikikwama hata mara moja, tafuta sababu sasa.

Hatua ya 4: Andaa Raspberry Pi

Pakia mfumo wake wa kawaida bila skrini, weka neno la siri la maana, badilisha ukanda wa saa uwe Africa/Dar_es_Salaam. Sakinisha Python, Flask (ya kutengenezea ukurasa wa wavuti) na pyserial (ya kuongea na Arduino). Haya yameelezwa kila mahali, sitayarudia.

Vitu vitatu havielezwi sana. Kwanza, Pi 4 haina saa yake ya ndani yenye betri. Umeme ukikatika na kurudi huku mtandao haujarudi, inaamka na tarehe ya zamani, na foleni yako inavurugika. DS3231 ndiyo dawa. Pili, ukichomoa na kuchomeka waya wa Arduino, jina la bandari, yaani mlango ambao Pi inaongea nayo, linaweza kubadilika, leo ttyACM0, kesho ttyACM1. Tumia njia iliyoko chini ya /dev/serial/by-id, hiyo inaifuata bodi yenyewe. Tatu, Uno inajiwasha upya kila bandari yake inapofunguliwa, kwa hiyo ukishafungua, subiri sekunde 2 kabla ya kutuma amri yoyote. Hili la tatu peke yake limenipa nusu ya simu ninazopigiwa.

Hatua ya 5: Jenga foleni

Tengeneza hifadhidata ya SQLite yenye jedwali moja la kazi: namba ya kazi, namba ya usajili ya mwanafunzi, rezista aliyochagua, muda wa kutuma, hali, na majibu. Hali ziwe nne tu: inasubiri, inaendelea, imekamilika, imefeli.

Kisha andika programu mbili tofauti. Ya kwanza ni ukurasa wa wavuti. Unapokea maombi na kuyaandika kwenye jedwali, basi. Ya pili ni mfanyakazi: anachukua kazi ya zamani zaidi inayosubiri, anaipeleka kwa Arduino, anasubiri "MWISHO", anaandika majibu, anarudi kuchukua nyingine.

Mfanyakazi huyu peke yake ndiye anayeruhusiwa kuigusa Arduino. Ukiuacha ukurasa wa wavuti uifungue bandari kila mtu anapobonyeza, wanafunzi wawili wakigongana utapata majibu yaliyochanganyika, na hakuna hata mmoja atakayejua.

Mpe mfanyakazi kikomo cha sekunde 30. "MWISHO" lisipofika, aandike "imefeli", afunge bandari, aifungue upya, aendelee na mwingine. Na kila anapowashwa, zile kazi zilizobaki "inaendelea" azirudishe "inasubiri", maana umeme ulikatika zikiwa mezani.

Programu zote mbili ziandikishe kwa systemd, msimamizi wa programu wa Linux, zijiwashe zenyewe Pi ikiwaka. Usitegemee kuwepo kwako. Umeme hauchagui siku ya kukatika kwa kuangalia ratiba yako.

Hatua ya 6: Ukurasa wa mwanafunzi

Uwe mwepesi kupita kiasi. Sehemu ya kuingia, vitufe vinne vya kuchagua rezista, kitufe cha kutuma, na orodha ya kazi zake. Picha za mapambo weka kando. Nembo ya chuo yenye megabaiti 2 ni bando la mtu. Ufungue kwa simu ya bei nafuu ukiwa umesimama mahali penye mtandao hafifu, na ikizidi sekunde tano punguza tena.

Akishatuma aambiwe namba ya kazi na wangapi wako mbele yake. Majibu ayapate kwa namna mbili: grafu ndogo, na faili la kupakua linalofunguka kwenye Excel. Grafu ni ya kumtuliza roho, kazi ataifanya kwenye faili.

Ukitaka kamera, piga picha moja tu ya meza kazi ikiendelea, pamoja na taa ndogo inayowaka. Inawasaidia wale wasioamini kwamba kuna kitu cha kweli upande wa pili. Kila mwaka nakuwa nao.

Weka kikomo cha kazi 5 kwa siku kwa kila mtu. Kuhusu taarifa zao, hifadhi namba ya usajili na si zaidi. Simu na majina kamili huvihitaji, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ukivikusanya umejibebesha wajibu wa kuvilinda.

Hatua ya 7: Itoe maabara nje ya geti

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Wameweka laini kwenye ruta, wamefungua milango yote kwenye mipangilio, na bado mtu wa nje haioni. Sababu ni kwamba kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya pamoja. Anwani unayoiona kwenye ruta yako si yako peke yako, na hakuna kinachoweza kuingia kutoka nje kukutafuta.

Suluhisho ni kugeuza safari: badala ya dunia kuja kwako, Pi yako itoke yenyewe kwenda kwenye seva ya nje na kushikilia njia wazi. Njia zilizonifaa ni tatu.

Cloudflare Tunnel ndiyo ninayoitumia. Huduma ya msingi ni ya bure, ila uwe na jina lako la kikoa (domain). Mwanafunzi anafungua kiungo cha kawaida tu kwenye simu.

Ya pili ni kukodi seva ndogo ya nje na kupitisha SSH ya kurudi nyuma (reverse tunnel), njia salama ambayo Pi inaifungua yenyewe kwenda seva hiyo. Inafaa kama tayari unaijua Linux vizuri.

Tailscale ni nzuri sana kwa wewe mwalimu kuifikia Pi ukiwa nyumbani kuirekebisha. Kwa wanafunzi siishauri, kwa sababu kila mmoja lazima asakinishe programu, na utageuka kuwa dawati la huduma kwa wateja.

Kama chuo kina mtandao wa waya, zungumza kwanza na mtu wa TEHAMA kabla ya kuchomeka chochote. Umkute asubuhi, umweleze mfumo unatoka tu na hauingizi kitu. Akikugundua mwenyewe baadaye, maabara yako itafungiwa siku ya mtihani.

Usiiweke hewani bila maneno ya siri hata kwa "siku moja ya majaribio".

Hatua ya 8: Umeme

Pi na ruta viende kwenye UPS. Pi tu bila ruta ni kazi bure. Pi ikizimika ghafla wakati inaandika, memori kadi inaweza kuharibika, kwa hiyo kila Ijumaa nakili kadi nzima kwenye ile ya pili na uiweke kwenye droo. Siku ikifa, unabadilisha kadi na darasa linaendelea baada ya dakika mbili.

Hatua ya 9: Jaribu na watu watano wasio na huruma

Chagua wanafunzi watano: mmoja aliyeko bwenini, mmoja Mikindani, mmoja field Lindi, mmoja mwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na yule mmoja wa kila darasa anayebonyeza kila kitu. Huyo wa mwisho ndiye mkaguzi wako. Wape siku tatu. Usiwaelekeze. Kila swali watakalouliza ni maandishi yanayokosekana kwenye ukurasa.

Hatua ya 10: Wape kazi yenye jibu wasilolijua

Ukiwaambia "thibitisheni kwamba muda maalumu ni sekunde 1", watakuletea sekunde 1 kamili wote 40, hata kama kapasita ina mikrofaradi 85. Badala yake, watumie rezista tatu zinazojulikana kutafuta uwezo halisi wa kapasita, halafu watafute thamani ya X. Jibu halipo kwenye kitabu. Kapasita za aina hii huruhusiwa kupotoka hadi asilimia 20, na hapo mwanafunzi analazimika kuuliza kwa nini, swali ambalo darasani ningelilipia. Kila muhula badilisha X. Inachukua dakika tano na pasi ya kulehemu.

Na kitu kimoja nawaambia wakuu wa idara: hii haifuti karakana. Mwanafunzi aliyepima kwa simu bado hajui kushika risasi wala kunusa transfoma inayoungua. Sisi tunaitumia wiki za field na likizo ya korosho, na pale wanafunzi 40 wanapogombania oskiloskopu mbili.

Ikikataa: dalili na pa kuangalia

*Mwanafunzi anaandika "Shikamoo mwalimu, maabara imekufa."* Mwitikie marahaba, halafu ifungue kwa bando la simu yako, usitumie Wi-Fi ya chuo. Ikifunguka kwako, tatizo ni lake. Isipofunguka, ingia Pi kwa Tailscale. Ukishindwa hata hapo, ni umeme au ruta, na mara nyingi ni bando la ruta limeisha. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika nchi nzima iliyumba. Siku kama hiyo acha, nenda kanywe chai.

*Kazi zote ziko "inasubiri".* Mfanyakazi amekufa. Mwangalie kwa systemd. Kama yuko hai, bandari ya Arduino imebadilika jina. Rudi hatua ya 4.

*Kazi ya kwanza baada ya kuwasha inafeli, zinazofuata ziko sawa.* Hukusubiri zile sekunde 2.

*Neno "CHAJI" linarudi kila mara.* Pima kwa maltimita kwenye kapasita. Kama volteji haishuki, pini ya 9 imekufa au rezista ya 470 imeachia. Kama inashuka halafu inapanda yenyewe, umetumia ile namna ya pini inayovuta juu.

*Majibu yanasema volti 5.00 lakini maltimita inasoma 4.78.* Arduino inapima kwa kulinganisha na umeme wake yenyewe wa USB, ambao si lazima uwe 5 kamili. Kwa muda maalumu haidhuru, kwa sababu kinachotakiwa ni asilimia. Ukitaka volti sahihi, pima umeme wa bodi na uandike thamani hiyo kwenye programu.

*Kazi iliyotumwa saa 2 usiku inaonyesha saa 11 jioni.* Ukanda wa saa haukubadilishwa. Uko saa tatu nyuma.

*Pi inajizima na kuwaka ovyo.* Soma ujumbe wa mfumo kwa amri ya dmesg utafute tahadhari ya volteji kuwa chini (undervoltage). Ikiwepo, chaja ni dhaifu au waya wake ni mwembamba.

*Vipimo vinarukaruka asubuhi, mchana vinatulia.* Unyevu. Safisha bodi kwa spiriti, ikauke, lehemu upya sehemu zenye kutu, weka pakiti za kukausha unyevu ndani ya boksi. Wakati wa masika rudia kila mwezi.

*Majibu ya wanafunzi wawili yanafanana hadi namba ya 400.* Kipimo cha kweli hakijirudii hivyo. Linganisha namba za kazi kwenye jedwali. Zikiwa mbili tofauti, mfanyakazi wako anarudisha majibu ya aliyetangulia kwa sababu hakusafisha bandari kabla ya kutuma "ANZA"; mara ya kwanza kosa lilikuwa hilo, na lilikuwa langu. Ikiwa ni kazi moja, imetumwa na mmoja na kupakuliwa na wawili. Mara ya pili walikuwa vijana wa Masasi wanaokaa chumba kimoja.